Shajara ya mradi: Paipu kwenye uwanja wa saruji

Shajara hii inafuata kazi moja tu: kuifundisha timu ya wanaume ya mpira wa wavu ya mtaani, hapa Tanga, shambulizi la kutoka nyuma katikati kama linavyochezwa na timu kubwa za dunia. Wachezaji tunaliita paipu. Mtu wa safu ya nyuma, mara nyingi aliye namba sita (nafasi ya katikati nyuma), anaruka kutoka nyuma ya mstari wa mita 3 na kupiga mpira wa haraka uliotengwa nyuma kidogo ya mchezaji wa kati. Naandika ili mwalimu mwingine mwenye uwanja wa saruji na mfuko mwepesi aige, au akwepe pale tulipokwama. Mambo ya kawaida nitayapita mbio.

18 Januari 2025: Tulipoanzia

Hali yetu ni ile ya timu nyingi za mikoani. Mpira wa juu kwenda namba nne (mbele kushoto), na huo ukishindikana, mpira wa juu kwenda namba mbili (mbele kulia). Wapinzani wanajua. Kabla mpigaji wetu hajaanza kukimbia, watu wawili wameshasimama mbele yake mikono juu, wanamsubiri.

Mpira wa juu si dhambi. Fainali ya Olimpiki ya London 2012, Urusi ilikuwa nyuma seti 2 kwa 0 mbele ya Brazil. Kocha Vladimir Alekno akamtoa Dmitriy Muserskiy katikati, akampeleka upande wa kulia akapigiwe mipira ya juu, na Urusi ikashinda 3–2, Muserskiy akiwa na pointi 31. Lakini Muserskiy ana mita 2.18. Mrefu wetu kuliko wote anafika 1.90 akivaa viatu.

Kwa hiyo tunaangalia upande mwingine. Japani walitwaa dhahabu ya Munich 1972 chini ya kocha Yasutaka Matsudaira kwa kuchezea saa ya mzuiaji: mmoja anaruka, mwingine anapiga. Miaka minne baadaye huko Montreal, Poland ya Hubert Wagner ikaufunga Umoja wa Kisovyeti ikiwa na Tomasz Wójtowicz, ambaye anatajwa kuwa mwanzilishi wa kupiga kutoka safu ya nyuma. Brazil ya Bernardinho, iliyoshinda Athens 2004, ikayaunganisha mawili hayo kwa kasi ambayo wengine walitumia miaka kuifikia. Leo, timu ya wanaume ya kiwango cha juu isiyo na paipu haipo. Fainali ya Paris 2024, Ufaransa 3, Poland 0, nimeirudia kwa simu hadi kifurushi kikakata. Pasi ya kwanza, ile ya kupokea mpira, ikiwa nzuri, watu wanne wanaondoka kwa pamoja, na mzuiaji wa kati hana macho manne.

Lengo: kabla ya mwaka kwisha, paipu itumike kwenye mechi halisi, si mazoezini tu.

8 Februari: Wavu, mstari, simu

Wavu wetu ulikuwa umelegea. Katikati ulipimwa mita 2.38 badala ya 2.43. Kifaa cha kukazia waya, kile cha mafundi wa nguzo, kiligharimu shilingi 18,000 na kumaliza tatizo. Wapigaji wawili waliojiona wanaruka sana walirudi nyumbani kimya.

Mstari wa shambulizi nao ulikosewa na aliyeupaka rangi zamani. Ukingo wake wa nyuma ndio unaotakiwa kuwa mita 3 kutoka kwenye mhimili wa mstari wa kati. Wetu ulianzia mita 3 na kuendelea nyuma sentimita 5 zaidi. Kwa anayepiga kutoka mbele haijalishi. Kwa paipu, sentimita 5 ni filimbi ya mwamuzi. Rangi 14,000.

Antena, zile fimbo za pembeni mwa wavu, hazikupatikana za kuazima, tukatengeneza za fimbo nyepesi na kuzipaka nyekundu na nyeupe: 24,000. Stendi ya simu 25,000. Simu inapiga video ya mwendo wa polepole, na kwenye kompyuta natumia Kinovea, programu ya bure ya kuchora pembe na kupima muda. Timu kubwa zina mtakwimu pembeni anayeingiza kila mguso kwenye kompyuta mechi ikiendelea. Sisi tuna daftari na kijana mmoja asiyecheza kwa sababu ya goti.

1 Machi: Kuruka mbele, si juu tu

Hapa ndipo tulipokwama kwanza, na ndipo nitakapokaa.

Wapigaji wote walikuja na kuruka kwa namba nne: kukimbia, kufunga breki kwa kisigino, kwenda juu wima. Pembeni hiyo ni sawa, kwa sababu wavu uko mbele ya pua na ukisogea mbele unaugusa. Walipofanya hivyohivyo nyuma ya mstari, kila mpira ulikwenda nje au wavuni. Wakaanza kusema hawana nguvu za kutosha.

Si nguvu, ni hesabu. Mtu anayegusa mpira kwenye urefu wa mita 3, akiwa mita 3 kutoka wavuni, ana nafasi ndogo sana ya kuushusha. Mpira una upana wa karibu sentimita 21, hivyo katikati yake lazima ipite kama sentimita 10 juu ya wavu. Ukichora mstari ulionyooka kutoka mkononi kupita hapo, unagusa ardhi zaidi ya mita 15 ng'ambo ya wavu. Uwanja wa mpinzani una mita 9. Mtu huyohuyo, kwa urefu uleule, akigusa mpira akiwa mita 1.5 kutoka wavuni, mstari unatua kama mita 8. Mpira umeingia. Mvuto wa dunia na mzunguko wa mpira kwenda mbele vinasaidia pande zote mbili, lakini tofauti inabaki palepale.

Sheria inataka mguu usiguse wala kuvuka mstari wakati wa kuruka. Kutua mbele yake kunaruhusiwa. Waangalie wapigaji wa Ufaransa au Italia: wanaruka nyuma ya mstari na kutua ndani kabisa ya eneo la mbele. Paipu ni kuruka umbali kwanza, kimo baadaye.

Marekebisho yalikuwa haya. Tulibandika utepe mita 1.2 mbele ya mstari, na kila mpigaji alitakiwa kutua juu yake au kuupita, bila mpira. Kisha hatua nne, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia: kulia, kushoto, kulia, kushoto, mbili za kwanza taratibu na mbili za mwisho haraka sana. Kwenye namba nne hatua ya mwisho inageuza nyonga na kufunga breki. Kwa paipu tuliipunguza breki, mguu wa kushoto ukielekea mbele zaidi, ili mwili uendelee kusafiri.

Mkono ulileta shida yake. Mtu akisafiri mbele hewani, mpira unamjia kichwani na kiwiko kinashuka. Kwenye video walionekana kama wanasukuma mlango. Nikawarudisha kwenye mipira ya tenisi (15,000): kukimbia, kuruka, na kurusha mpira mdogo uvuke wavu na kudunda kabla ya mita 6. Ukiurusha na kiwiko kimeshuka chini ya bega, hauvuki au unakwenda mbali. Hilo halikuhitaji maelezo yangu. Wiki kadhaa za zoezi hilo zilinyoosha zaidi kuliko kelele zangu zote za mwaka uliopita.

5 Aprili: Ufukweni, faida na hasara

Magoti yalianza kulalamika. Saruji haina huruma, na maumivu ya kano chini ya kifuniko cha goti yanawafuata hata wachezaji wa kulipwa wanaocheza kwenye sakafu nzuri. Tulihamishia nusu ya mazoezi ya kuruka kwenye mchanga.

Maumivu yalipungua upesi. Lakini tuliporudi uwanjani, paipu ilikuwa imerudi nyuma miezi. Mchanga unakufundisha kuruka wima: ukijaribu kwenda mbele, mguu unazama na nguvu inapotea, kwa hiyo mwili unajifunza kutosafiri. Kile tulichokijenga Machi kilikuwa kimebomolewa.

Sasa mchanga ni wa kutua, wa nguvu za miguu na wa ulinzi. Paipu inarukwa kwenye saruji peke yake, mara chache kwa kila mmoja, kutua kwa miguu miwili, siku mbili kwa wiki na si mfululizo. Barafu na plasta kwa mradi mzima zimekula 36,000.

10 Mei: Mpira unaofika kabla ya mtu

Seta wetu, yaani anayewatengea wapigaji mpira, ana mikono mizuri na tabia mbaya ya huruma. Akimwona mpigaji yuko mbali, anampandishia mpira ili amsubiri. Mpira ukipanda mita 3 juu ya mikono yake na kurudi kwenye urefu uleule, unakaa hewani kama sekunde 1.6. Ukuta mzima wa wazuiaji unahama, unajipanga, na kunywa maji. Ukipanda mita 1, ni sekunde 0.9. Ukipanda sentimita 40, ni chini ya 0.6. Timu kubwa zinaishi kati ya hizo mbili za mwisho, na mzuiaji ndiye anayehangaika.

Tukaenda upande wa pili kupita kiasi. Seta akaanza kurusha risasi. "Mwalimu, mpira unafika kabla yangu," alisema mpigaji wetu bora, na video ilimpa haki: alikuwa anaanza kukimbia baada ya kuona mpira ukitoka mikononi mwa seta. Hakuna anayewahi hivyo.

Tiba haikuwa kumwambia akimbie haraka. Tulibadilisha anachokitazama. Mpigaji wa paipu sasa anafuata pasi ya kwanza, si mikono ya seta. Pasi ikiwa nzuri, anaanza taratibu, na mpira unapogusa vidole vya seta yeye yuko kwenye hatua ya pili kutoka mwisho. Seta naye ameacha kumtazama mtu. Anaweka mpira mahali pamoja, kama mita moja na nusu kutoka wavuni, urefu uleule kila siku, na mtu ndiye anayeufuata. Tuliweka tairi la baiskeli limening'inia kwenye fimbo ndefu, seta akatenga mipira ipite ndani yake bila mpigaji yeyote, hadi akachoka nalo. Tairi bure, kutoka kwa fundi wa jirani.

Tanga kuna upepo wa bahari jioni. Nilidhani mpira wa haraka utatusumbua zaidi. Imekuwa kinyume: mpira wa juu ndio unaopeperushwa, huu wa chini hauna muda wa kupotea.

21 Juni: Mechi ya kirafiki, na mtu wa kati

Tulicheza na timu ya mjini iliyotuzidi umri na ujanja. Paipu ilizuiwa karibu kila ilipojaribiwa. Mazoezini ilikuwa inapasua, kwenye mechi mtu mmoja tu alitosha kuizima. Nilirudia video usiku huohuo.

Kosa halikuwa kwa mpigaji wala seta. Lilikuwa kwa mchezaji wetu wa kati. Kazi yake ni kukimbia kama mtu anayekwenda kupiga mpira wa kwanza wa haraka, kuruka, na kumlazimisha mzuiaji wa kati wa upande wa pili aruke naye. Yule akishuka, paipu inapigwa juu ya kichwa chake. Wetu alikuwa anakimbia nusu, anaruka nusu, mkono hauinui. Alijua mpira haumjii. Na mzuiaji akajua pia, kwa hiyo akabaki chini, akasoma, akaruka kwa wakati wake.

Nilipomuuliza, alijibu kwa heshima lakini moja kwa moja: "Mwalimu, tangu Januari sijapewa mpira hata mmoja wa maana. Naruka kwa ajili ya nani?"

Alikuwa na haki. Wazuiaji wa kisasa hawarukii kila kivuli, wanasubiri seta aachie mpira ndipo wahame. Ili mmoja wao aondoke ardhini mapema, lazima awe ameshaumizwa. Mchezaji wa kati asiyepewa mpira hamdanganyi mtu.

Tulibadilisha mambo mawili. La kwanza ni kanuni ya seta: katika pasi nzuri za mwanzo wa kila seti, mtu wa kati anapewa, hata kama mpigaji wa pembeni yuko peke yake. La pili ni nafasi kati ya watu. Awali wa kati alirukia katikati na paipu ikaja nyuma yake palepale, kwa hiyo mzuiaji mmoja aliweza kusimama sehemu moja na kuwasubiri wote wawili. Sasa wa kati anapiga karibu kabisa na seta, na paipu inakuja kwenye mwanya ulio kushoto kwake, zaidi ya mita moja pembeni. Mzuiaji akimfuata wa kati, lazima ahame ndipo aruke tena, na muda huo hanao.

Nafasi hiyo ilitatua jambo jingine ambalo sikuwa nimelipangia. Wapigaji wawili walikuwa wamekwisha kuangukiana, mmoja akakanyaga mguu wa mwenzake na kukaa nje na kifundo kilichovimba. Wakitengana hewani, wanatengana na wakitua.

16 Agosto: Pasi ikiwa mbovu

Ukweli wa uwanja wa nje ni kwamba pasi nyingi si nzuri. Paipu inahitaji pasi nzuri. Sasa mipira mingine yote tuifanye nini?

Tulijaribu kwanza kulazimisha paipu hata seta akiwa mita 4 kutoka wavuni. Tuliacha haraka.

Tulichokopa ni kwa Japani wa sasa, wale wa Yuki Ishikawa na Ran Takahashi. Mpigaji akikuta ukuta umejengeka na mpira haukutengwa vizuri, haupigi kwa hasira. Anaugusisha polepole kwenye mikono ya wazuiaji ili urudi upande wake juu, timu inaupokea na kuanza upya, safari hii kwa pasi nzuri. Mguso wa bloku, yaani wa ukuta wa wazuiaji, hauhesabiwi katika miguso mitatu, na ukirudi kwetu tunaanza kuhesabu moja. Hakuna gharama, hakuna kifaa. Wazee wanaotazama pembeni walizomea mwanzoni, wakidhani ni woga. Wapigaji waliipenda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu inawaondolea aibu ya kuzuiwa.

La pili ni libero, mlinzi maalumu wa safu ya nyuma. Sheria inasema libero akitenga mpira kwa vidole akiwa eneo la mbele, mwenzake haruhusiwi kuushambulia ukiwa juu ya wavu. Jenia Grebennikov wa Ufaransa anaruka kutoka nyuma ya mstari wa mita 3, anatenga akiwa hewani, na anatua mbele. Ni halali. Wetu alijaribu na mwamuzi wa mechi ya mazoezi akapiga filimbi mfululizo, na alikuwa sahihi: kidole cha mguu kilikuwa kinagusa mstari. Tumemrudisha kwenye kutenga kwa mikono ya chini, ambako sheria hiyo haimgusi hata akiwa mbele. Mpira unakwenda juu na taratibu, na tunaumaliza kwa kuugusisha ukutani.

4 Oktoba: Daftari na hesabu

Wiki iliyopita Italia wametetea ubingwa wa dunia huko Ufilipino kwa kuifunga Bulgaria. Vijana walitazama pamoja kwenye simu moja, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanatazama mchezaji wa kati asiyepewa mpira. Kuna aliyepiga kelele "amemla!", yaani mzuiaji amedanganyika, kabla paipu haijapigwa.

Tunapima kila mpigaji hivi: pointi, toa makosa, toa mipira iliyozuiwa ikawa pointi ya mpinzani, gawanya kwa majaribio yote. Akipiga mara 10, pointi 5, kosa 2, kuzuiwa 1, anapata 0.20. Asilimia ya pointi peke yake ingemwonyesha 50 na kumpa kiburi. Kwenye mechi zetu za hivi karibuni za ligi ya mkoa, paipu iko juu ya namba nne kwa kipimo hiki, lakini isisomwe vibaya: paipu inapigwa kwenye pasi nzuri tu, namba nne inaokota makombo yote. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba namba nne yenyewe imepanda. Mpigaji wake anakutana na mzuiaji mmoja, au wawili wenye mwanya katikati, kwa sababu wa kati amechelewa.

Matumizi yote: kifaa cha waya 18,000, rangi 14,000, antena 24,000, stendi 25,000, mipira ya tenisi 15,000, mipira miwili mizuri ya wavu 190,000, vifurushi vya intaneti 80,000, barafu na plasta 36,000. Jumla shilingi 402,000. Kama ningeanza upya ningenunua mipira hiyo miwili siku ya kwanza. Ile ya bei rahisi tuliyokuwa nayo ilikuwa mizito baada ya kulowa, na seta alijifunza uzito usio sahihi.

Kilichobaki wazi ni shambulizi la namba moja, yaani nyuma kulia. Tuna kijana anayepiga kwa mkono wa kushoto, na paipu ikiwashika wazuiaji katikati, kona ya kulia nyuma inabaki tupu. Mpira wa kwenda huko seta anautenga kwa nyuma ya kichwa, na kwa sasa mingi inatua mbele ya mstari. Tairi la baiskeli limehamishiwa upande huo tangu Jumatatu.